Mfundishe kushuka kwanza: kumwandaa mwendeshaji wa manlifti

Mpe kijana wa saiti manlifti, mashine ya kumnyanyua fundi juu ndani ya kikapu, asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne atakuwa anaipandisha, anaishusha na kuizungusha kama aliyezaliwa nayo. Foromani akimwona anaridhika: "Huyu ameshajua." Alichojua ni kupanda. Bado hajui mashine ile inaanguka kwa sababu gani. Hajui kumteremsha mwenzake aliyekwama juu, wala hajajifunza kumwambia bosi kwamba leo haipandi.

Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kuwafundisha mafundi wa maghala na wa saiti za ujenzi hapa Dar es Salaam. Somo la kupanda nimeliweka mwisho, jambo linalowaudhi wanafunzi wengi siku ya kwanza. Tenga siku mbili. Mashine moja iwe na wanafunzi wasiozidi wanne, kwa sababu wa tano atashinda kivulini akitazama simu.

Kabla ya darasa: jua una mashine gani

Jina "manlifti" limebeba mashine nyingi zisizofanana. Kuna mkasi, ambao hupanda wima tu na kikapu chake hubaki juu ya magurudumu yake. Kuna bumu, lenye mkono wa kunyooka au wa viungo, linalopeleka kikapu mbali nje ya magurudumu. Kuna zile zinazosimama kwa miguu ya chuma inayoshushwa ardhini, ama za kuvutwa au za juu ya lori, kama gari la mafundi wa umeme wa barabarani. Aliyezoea mkasi akipewa bumu ni mwanafunzi mpya, hata kama ana miaka kumi kazini.

Shirika la kimataifa la IPAF, lililoanzishwa mwaka 1983, limezigawa kwa alama. 3a ni mkasi unaojiendesha na 3b ni bumu linalojiendesha. 1a na 1b ni zile zinazosimamishwa kwanza kwa miguu ndipo zipande. Vijana waliofanya kazi Doha na Dubai hurudi na kadi ya shirika hilo, ile ya PAL, yaani leseni ya kuendesha mashine hizi. Usiishie kuitazama picha. Soma alama, kisha soma tarehe, maana kadi hudumu miaka 5.

Soma pia namba ya ubavuni. Mkasi ulioandikwa 1930 kwa kawaida una sakafu inayopanda futi 19, yaani mita 5.8, na upana wa inchi 30. Wakodishaji hupenda kutaja "kimo cha kazi", ambacho ni kimo cha sakafu ukiongeza mita 2 za mwili na mikono ya fundi. Asiyejua tofauti hiyo hukodi mashine fupi, kisha fundi wake anapanda juu ya reli za kikapu ili aifikie taa.

Kitabu cha mtengenezaji kiwe ndani ya kasha lake kwenye kikapu. Mara nyingi ni cha Kiingereza, na stika za onyo nazo ni hivyo hivyo. Kaa na wanafunzi, mpitie stika moja moja, kila mmoja aiseme kwa Kiswahili chake. Nimewahi kumkuta mtu aliyefanya kazi miaka mitatu chini ya stika ya kichwa kinachobanwa, akidhani ni tangazo la kuvaa kofia.

Kuhusu karatasi sitarefusha. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote mbili zinamtwisha mwajiri mzigo wa kumfundisha mfanyakazi. Kwa Tanzania, vifaa vya kunyanyulia hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Omba cheti cha ukaguzi wa mashine kabla hujaitumia kufundishia.

Hatua ya 1: Kumteremsha mwenzako

Kwenye ghala moja, miaka kadhaa nyuma, fundi umeme alikwama mita 4 juu. Betri ilikuwa imekwisha. Chini walikuwepo watu sita. Mmoja alikimbilia ngazi, mwingine akampigia simu mwenye mashine, wa tatu akawa anabonyeza kila kitufe anachokiona. Kishikio cha kushushia kilikuwa nyuma ya mkasi, chekundu, kwenye usawa wa goti, na mmoja wao alikuwa amekiegemea. Dakika kumi na moja. Fundi hakuumia, alikasirika tu. Lakini angekuwa amepigwa na umeme?

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili. Mwanafunzi mmoja aingie kikapuni, apande mita 2, abonyeze kitufe chekundu cha dharura, kisha anyamaze kama aliyezimia. Mwenzake wa chini amteremshe bila kuelekezwa. Kwenye mashine nyingi atageuza ufunguo wa paneli ya chini upande wa udhibiti wa chini, ndipo swichi za chini zifanye kazi hata kama kitufe cha juu kimebonyezwa. Halafu zima umeme wote, arudie kwa kishikio cha mkono kama ni mkasi, au kwa pampu ya akiba kama ni bumu. Rudieni mpaka kila mmoja aweze ndani ya dakika moja.

Mfundishe asite sekunde tatu kabla ya kugusa chochote. Kwanza atazame chini ya mkasi, maana mikono yake ikifunga hukata kama mkasi wa cherehani. Pili atazame juu. Mtu aliyebanwa kwenye boriti anaweza kukandamizwa zaidi na mwendo usio sahihi, hasa kwenye bumu lenye viungo, ambako kushusha kiungo kimoja husogeza kikapu upande usioutarajia.

Toka siku hiyo iwe sheria: manlifti haipandi kama hakuna mtu wa chini anayejua kuiteremsha. Mtu huyo si kibarua wa kushika koni.

Hatua ya 2: Kuizunguka

Ukaguzi wa asubuhi huchukua dakika kumi, na wengi huufanya kwa kalamu, wakiweka vema kwenye fomu wakiwa wamekaa. Mimi huficha kasoro. Nafungua nati ya reli, nang'oa stika ya uzito, naacha kilango hakifungi vizuri. Mwanafunzi aizunguke mashine mpaka azipate zote.

Kwenye matairi nitakaa kidogo. Mabumu mengi ya nje hutumia matairi yaliyojazwa povu zito ndani badala ya hewa. Povu hilo linazuia pancha, na zaidi ya hapo uzito wake umehesabiwa kwenye mizani ya mashine nzima. Niliwahi kukuta bumu lililobadilishwa tairi moja kwa fundi wa barabarani, likawekwa la hewa kwa sababu "saizi ni ile ile". Linaingia, linazunguka, linatembea vizuri kabisa. Ila upande mmoja umepungua kilo nyingi, na siku mkono utakaponyooka upande wa pili ndipo mtajua. Mwanafunzi ajue kugonga tairi kwa nyundo na kusikiliza, na ajue kuuliza nani alibadilisha nini.

Jambo lingine ni pedali ya mguu kikapuni. Kazi yake ni kuhakikisha mashine haiendi mpaka mtu aikanyage kwa makusudi. Ukikuta kipande cha mbao kimechomekwa kuibana, au imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, umejua kila kitu kuhusu saiti hiyo. Mashine isimame, na aliyefunga atafutwe.

Oili ya haidroliki ikivuja, itafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Oili inayotoka kwenye kitobo chembamba kwa shinikizo hupenya ngozi, na kidonda chake kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Betri ziongezwe maji baada ya kuchajiwa, mahali penye hewa, pasipo sigara wala kulehemu, kwa sababu zikichajiwa hutoa hidrojeni. Kisha jaribu mwendo wote kwa paneli ya chini kwanza, halafu ya juu. Mpangilio huo una sababu: kama kuna kitu kitagoma, kigome ukiwa umesimama ardhini.

Hatua ya 3: Kutembea njia kwa miguu

Kabla ufunguo haujageuzwa, mwanafunzi atembee njia yote ambayo mashine itapita, mikono mitupu, akitazama chini. Hapa kwetu adui mkubwa ni kile kilichofunikwa: chemba za maji taka zenye mfuniko wa zege jembamba, mtaro wa kebo uliofukiwa wiki iliyopita, shimo la choo la zamani ambalo kiwanja kimejengwa juu yake. Gurudumu moja la bumu linaweza kubeba sehemu kubwa ya uzito wote wa mashine pale mkono unaponyooka upande wake, na mashine yenyewe ni ya tani kadhaa. Mfuniko wa chemba uliovumilia pikipiki miaka mitano haujaahidi kitu.

Ndani ya jengo muulize mhandisi uwezo wa slabu, na akupe jibu la maandishi. Usiridhike na "zege limeshakauka hilo".

Mteremko nao una hesabu yake. Mkasi wa slabu, yaani wa sakafu ya zege, mara nyingi umeruhusiwa nyuzi 1.5 tu kwa ubavu na nyuzi 3 kwa urefu unapokuwa juu, ingawa ukiwa umefungwa chini unapanda rampu ya ghala bila shida. Soma bamba la mashine yako. Na king'ora cha kuinama kikilia usikichukulie kama pimamaji. Kikilia umeshafika pabaya. Shuka kwanza, ndipo utafute usawa.

Hatua ya 4: Hesabu ya kikapu

Leta mizani ya gunia. Kila mtu apimwe akiwa na buti, hanesi (mikanda ya mwilini ya kuzuia kuanguka) na zana zake, kwa sababu watu hutaja uzito wa siku waliyopimwa zahanati.

Tuchukue mkasi ambao bamba lake linaruhusu kilo 227 kikapuni. Mafundi wawili wa mabomba ya zimamoto, kilo 80 kila mmoja, ni 160. Sanduku la zana 25. Bomba la chuma la inchi 2 lina kama kilo 5 kwa mita, kwa hiyo la mita 6 ni kilo 30. Jumla 215. Zimebaki 12. Sasa muulize mwanafunzi: mabomba mawili mara moja ili kuokoa muda? 245, imepita. Wengi hushangaa, kwa macho kikapu bado kina nafasi kubwa. Na bomba la mita 6 lisilazwe juu ya reli. Kama mtengenezaji hakuuza kibebeo chake, litafutiwe njia nyingine ya kupanda.

Kwenye bamba hilo hilo kuna namba ambayo watu huiruka: nguvu ya kusukuma kwa ubavu, mara nyingi niutoni 400 kwa watu wawili. Hiyo ni kama kusukuma kwa nguvu ya kilo 40. Fundi anayevuta kebo nene kutoka kikapuni huipita bila kujua. Wawekee mizani ya kuning'iniza kwenye kamba iliyofungwa nguzoni, wakiwa ardhini, kila mmoja avute kama avutavyo kebo, kisha asome. Hakuna mjadala baada ya hapo. Kebo ivutwe kwa winchi ya chini, na mtu wa juu aielekeze tu.

Hatua ya 5: Upepo na nyaya

Mashine nyingi za nje mwisho wake ni upepo wa mita 12.5 kwa sekunde, karibu kilomita 45 kwa saa. Matawi makubwa ya mwembe yanayumba, mwavuli haushikiki. Za ndani zimeandikwa 0, na sifuri ni sifuri. Kuna mikasi inayoruhusu watu wawili ndani na mmoja tu nje, mashine ile ile. Pwani yetu wakati wa kusi, ghala lililofunguliwa milango ya pande zote mbili lina upepo wa barazani. Usilihesabu kuwa ndani. Na ukipanda juu upepo huongezeka, kwa hiyo kipimo kichukuliwe kwenye kikapu. Atakayepandisha bati au plaiwudi ametweka tanga.

Huwa nawasimulia kisa cha Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani. Tarehe 27 Oktoba 2010 mwanafunzi aliyekuwa akipiga video ya mazoezi ya timu ya chuo alikuwa juu ya mkasi, karibu mita 12. Upepo ulivuma kwa kasi ya kilomita 85 hivi kwa saa, mkasi ukaanguka, akafariki. Wakaguzi wa jimbo la Indiana walikitoza chuo faini, na miongoni mwa makosa waliyoyaandika ni kwamba hakuwa amefundishwa ipasavyo. Nasisitiza kwamba alikuwa mpiga video. Kwenye ghala lako anayepanda bila kufundishwa atakuwa mtu wa stoo anayehesabu boksi, au kijana wa kufunga mabango.

Nyaya za mitaani zenye kilovolti 11 na 33 hazina ngozi. Umbali wa chini kabisa kwa umeme usiozidi kilovolti 50 ni mita 3, ukipimwa kutoka ncha ya kitu kirefu kuliko vyote kilicho mkononi, pamoja na kuyumba kwa kikapu. Mimi wanafunzi wangu nawawekea 6. Matairi ya mpira hayamkingi mtu yeyote. Ikigusa waya, aliye juu abaki kikapuni asiguse kitu, wa chini asiikaribie mashine wala kuiegemea, na TANESCO wakate umeme kwanza. Uokoaji tuliojifunza hatua ya 1 unasubiri mpaka wathibitishe.

Hatua ya 6: Hanesi

Kwenye bumu ni lazima: hanesi ya mwili mzima na kamba fupi, iliyofungwa kwenye pete yenye alama kikapuni. Fupi, ili mtu asiweze kutupwa nje ya reli. Gurudumu likidumbukia sentimita 10 tu chini, ncha ya mkono hupiga kama manati, na aliyesimama kikapuni ndiye jiwe. Usijifunge kwenye jengo.

Kwenye mkasi reli zenyewe ndizo kinga, mradi kilango kimefungwa na miguu miwili iko sakafuni. Mtengenezaji au saiti wakitaka hanesi, ifungwe kwenye pete, si kwenye reli. Helmeti iwe na mkanda wa kidevu. Gatini, juu ya maji, habari ni nyingine: aliyejifunga huzama na mashine, kwa hiyo uamuzi wa hanesi au jaketi la kuelea ufanywe kwenye mpango wa kazi, kabla.

Hatua ya 7: Sasa apande

Siku ya pili mchana. Weka koni na utepe, mtu wa chini awe mahali pake, kisha mwache aendeshe kikapu kikiwa chini mpaka mkono wake utulie.

Kwenye bumu kuna mtego wa mishale. Ukizungusha mkono nyuzi 180, mbele na nyuma vimebadilishana: unasukuma jostiki mbele, mashine inarudi nyuma. Watengenezaji wamechora mishale ya rangi kwenye kiunzi cha magurudumu na kwenye paneli. Mwanafunzi aioanishe kwa sauti kabla ya kugusa: "Bluu kwa bluu, tunaelekea getini." Inachekesha mara ya kwanza. Acha acheke.

Kisha mfundishe kubanwa, hatari inayokuja kimya kimya. Mtu anapanda huku akitazama pembeni, mgongo unagusa boriti, anainamia paneli, tumbo linasukuma jostiki mbele, mashine inaendelea kumsukuma juu, na mguu uliokaza kwa hofu bado umekanyaga pedali. Sekunde chache zinatosha. Ning'iniza gunia la maranda kwenye kamba mita 3 juu lifanye kazi ya boriti. Mwanafunzi alikaribie kwa mwendo wa chini kabisa, asimame kila nusu mita, atazame juu, ndipo aendelee. Akiligusa kwa kichwa, anashuka na kuanza upya.

Mtihani, na ufunguo

Maswali ya kuandika ni machache kwangu. Mtihani wenyewe ni kazi halisi ya nusu saa: akague, atembee njia, ahesabu mzigo, apande, afunge taa moja, ashuke, aegeshe, aweke chaja.

Katikati ya kazi hiyo namwomba mkubwa mmoja wa saiti, mwenye sauti, aje aseme: "Kijana, chukua na hii jenereta upande nayo, tumechelewa." Au nalegeza nati moja mapema, na mkubwa huyo anamwambia aendelee tu, fundi atakuja jioni. Wengi wa waliofaulu kila kitu huangukia hapa. Anayejibu "Samahani mzee, uzito umezidi, nitarudi kuichukua kwa njia nyingine" amepita. Anayenyamaza akapandisha anarudi kesho. Na mkubwa huyo naye umwelekeze mapema mbele ya uongozi kwamba kijana akikataa kwa sababu ya usalama hataulizwa, la sivyo mtihani ni mchezo wa kuigiza.

Ufunguo ukae kwa supavaiza, si kwenye mashine. Ndani ya mlango wa kabati bandika karatasi: jina, alama ya mashine aliyofaulu, tarehe. Ikiletwa manlifti ya kampuni nyingine, hata kama ni mkasi kwa mkasi, kila aliyeorodheshwa apitishwe kwenye paneli yake mpya nusu saa kabla ya kupewa ufunguo, maana kishikio chekundu cha nyuma kinaweza kuwa ubavuni. Aliyekaa miezi sita bila kuigusa anaanzia tena hatua ya 1, mwenzake juu, yeye chini, saa mkononi.